Malalamiko Kuhusu Wati za Binti Yako

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgeni wako wa wiki tatu sasa, yaani mke wangu, hajambo. Yeye atakuwa ameshakueleza upande wake. Mimi, mtunza stoo kwa miaka kumi na tisa sasa, nakuletea hesabu, maana hesabu haina upande.

Kanuni ni rahisi: chukua wati za chombo, zidisha kwa saa kilizowaka, gawanya kwa elfu moja, unapata uniti za umeme. Nilianza kwa nia njema kabisa, baada ya uniti za mwezi mzima kutuishia tarehe kumi na nne. Nilichokigundua ni hiki:

1. Pasi. Wati elfu moja na mia mbili, nusu saa kila siku, sawa na uniti sifuri nukta sita. Mama, binti yako anapiga pasi hadi foronya. Nilimshauri nguo tuzilaze chini ya godoro zinyooke zenyewe. Akaninunia siku mbili.

2. Birika la umeme. Wati elfu mbili, dakika sita. Nilibandika mlangoni karatasi yenye gharama ya chai ya kila mgeni, si kwa kudai, kwa kuelimisha tu. Mdogo wako aliisoma, akaaga bila kugusa kikombe. Hata hapo hatukuokoa kitu, maji yalikuwa yameshachemka.

3. Friji. Huifungua akasimama anawaza, baridi yote inatoka. Nikafunga daftari kwa uzi kwenye mpini: saa, jina, sababu ya kufungua. Siku mbili alijaza vizuri sana. Siku ya tatu, kwenye sababu, aliandika: "Namtafuta mume niliyeolewa naye." Nikaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa kitu hicho hakihifadhiwi kwenye friji.

4. Yeye mwenyewe. Nimesoma kwamba mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati mia moja. Maana yake binti yako akiingia sebuleni, feni inatoka namba moja inakwenda namba tatu. Nilimwomba kwa adabu zote, feni ikiwa kazini, akae nje kwenye ngazi. Alifunga begi lake, na pasi akaichukua.

Kwa hiyo naomba umkanye kama mzazi, arudi akiwa ametia saini masharti niliyoambatanisha (kurasa nne), na pasi ibaki huko huko.

Nisalimie baba mkwe, mashemeji wote, na majirani wanaoniulizia, kama wapo. Mama mdogo mwambie ile karatasi ya mlangoni nimeibandua.

Ni mimi mkweo, kwa heshima na taadhima,
Mwenye Mita

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimekwenda kusoma mita. Wiki tatu bila yeye nimetumia uniti nyingi kuliko tulivyokuwa wawili. Nimerudia hesabu mara nne. Ni mimi. Nawasha taa za vyumba vyote ili nyumba ionekane ina watu, redio siizimi, na birika bado nalijaza la watu wawili. Tafadhali masharti yachane kabla hajayaona. Pasi aje nayo. Mwambie na daftari la friji bado najaza: jana nilifungua mara kumi na moja, na sababu zote nimeandika moja, "Namtafuta mke."