Dakika Kumi na Profesa wa Meza ya Nne

Leo nimejiaibisha mbele ya maprofesa na ukumbi mzima hapa Lodwar. Naandika haraka kabla gari la Kakuma halijaondoka na barua hii, ili ninyi rafiki zangu mlisikie jambo hili kutoka kwangu mimi Akiru, msije mkalisikia kwa watu.

Mnajua nilivyoisubiri siku hii. Tangu nianze kupima maji ya visima vya mchangani pale mto Tarach, nimekuwa nikisoma makala za mtu mmoja tu: Profesa E. N. Wafula. Kwa nini kisima hiki kina maji matamu, na kile, hatua ishirini mbele, kina chumvi? Niliota mchana kweupe kwamba nitakaa naye, atanitazama kimya, halafu atasema, "Binti, nitakusimamia masomo." (Katika ndoto alikuwa na ndevu nyeupe. Nani aliniambia ana ndevu? Hakuna!)

Achol, gauni ulilonishonea kwa cherehani yako ya kambini lilipendeza sana. Ndilo jambo la mwisho lililokwenda sawa.

Asubuhi mwenye kuongoza mkutano, Bwana Ekai, alitueleza utaratibu. Maprofesa sita, meza sita, kila meza na kikaratasi cha jina. Sisi vijana tunakaa na profesa dakika kumi. Kengele ya mbuzi ikilia, tunahama. Mwishoni kila kijana anasimama, anasema jambo moja alilojifunza na kwa nani.

Kisha akatoa tangazo fulani. Nilisikia "Wafula" tu, nikaelea. Upepo wa moto ulikuwa unaingia dirishani, mikoma nje inayumba polepole, na mimi nilikuwa nimeshafika ng'ambo, nimevaa joho, napiga picha na ndevu zile.

Kengele ikalia. Nikaenda mbio meza ya nne.

Nyuma ya jina la Profesa Wafula alikaa mzee mwembamba, shati limefifia, mbele yake vitabu vimepangwa. Hana ndevu. Nikamsamehe.

"Ejok," nikasema.

"Ejok noi. Kaa, binti."

Profesa anayejibu salamu za kwetu! Moyo ukaniyeyuka.

"Nimesoma makala zako zote."

"Zote?" Akashangaa. "Lakini mimi..."

"Zote, Profesa!" (Unyenyekevu gani huu!) Nikafungua daftari, nikammwagia kila kitu: chupa, vipimo, mchanga, kona ya mto. Akainua mkono. "Binti, ngoja nikwambie, mimi si..."

"Dakika zimebaki nne, Profesa. Naomba tu, visima vyangu!"

Akahema. Akanitazama kwa huruma. Halafu akauliza, "Hiyo ya chumvi, inakuwa chumvi lini?"

"Sijui. Mimi napima mara moja kwa mwezi."

"Umeuliza akina mama wanachota?"

"Hapana."

"Uliza. Mama anachota kila siku, ulimi yake inajua kabla ya chupa yako. Mimi nikifika mahali, kwanza nauliza akina mama: maji gani ya kunywa, maji gani ya rejeta. Maji ya chumvi inaua rejeta."

Rejeta! Nilijua huo ni mfano wa kitaalamu. Labda mwili wa mwanadamu ndio rejeta. Labda dunia. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini mara mbili. Kengele ikalia, nami nikaondoka kama niliyebebwa na wingu. Meza nyingine tano sikumbuki chochote walichosema.

Zamu yangu ya kusimama ikafika. Nikasafisha koo.

"Mimi nimejifunza kwa Profesa Wafula," nikasema, "nadharia ya rejeta."

"Nadharia ya nini?" ikauliza sauti kutoka mlangoni. Alikuwa mama mnene wa miwani, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. "Wafula ni mimi. Nimeshuka kwenye ndege sasa hivi."

Mama! E. N. Wafula ni mama! Na mimi, mwanamke mzima, sikuwahi hata kuwaza hivyo.

Bwana Ekai akasema kwa upole, "Akiru, nilitangaza asubuhi. Ndege imechelewa. Dereva wake ametangulia na vitabu, anaangalia meza."

Mzee akasimama, kofia mkononi. "Naitwa Lokwang. Nilitaka kumwambia mara mbili. Hakunipa nafasi. Na rejeta ni ile ya gari tu, ya kupoza injini."

Ukumbi ukapasuka. Profesa mmoja alicheka mpaka akashikilia meza. Nilitamani mchanga wa Lodwar ufunguke niingie na gauni langu.

Lakini Mama Wafula hakucheka. Alikuja akasimama karibu yangu. "Amekuambia nini hasa?"

Nikamsomea daftari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mzee.

"Lokwang, miaka kumi na moja unaniendesha. Mbona hujawahi kuniambia hili?"

"Hujawahi kuniuliza, mama."

Mama Wafula akavua miwani, akaifuta taratibu. Halafu akavuta kiti cha pili meza ya nne, akamkalisha Lokwang, akanikalisha na mimi, akaomba kengele isipigwe. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Wiki ijayo wote wawili wanakuja Kakuma kuona visima, mradi kwanza nikae mtoni na akina mama, niwasikilize bila kupima kitu. Kuhusu kunisimamia masomo, Mama Wafula alisema tu, "Tutaona ukishatoka mtoni na majibu ya akina mama."

Nilipotoka nje jua lilikuwa limelegea, vilima vimekuwa vya zambarau, nami nikatembea bila kujua naelekea wapi. Watu wawili nisiowafahamu wakanipungia mkono: "Habari ya nadharia?"

Basi naomba ninyi msinicheke. Lodwar wameshanicheka kwa niaba yenu.