Hotuba ya Kuzindua Kompyuta Iliyo Chini ya Kitambaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakujaliwa kufika na ambaye kwa hiyo ni mimi. Waheshimiwa masheikh na walimu wa madrasa. Waheshimiwa wenyeviti, makamu wao, na wanaokaimu umakamu. Waheshimiwa madereva wa bodaboda mlioziba njia. Waheshimiwa wavuvi wageni na akina mama wa mwani. Nawe mzee uliyekaa mstari wa mbele bila kualikwa: assalaam alaykum. (Waalaykumu salaam.) Itifaki imezingatiwa, na niliowasahau wajihesabu wametajwa.

Ndugu wananchi wa Kilindoni, kwa heshima na taadhima, mimi Kheri Kombo, Mratibu wa Mpango wa Daftari Bila Karatasi, nawatangazia kwamba apugredi ya mfumo endeshi wa kompyuta yetu ya kuandikisha vizazi, iliyoanza miezi kumi na minne iliyopita, imefikia asilimia tisini na tisa nukta nane. (Makofi.) Kompyuta yenyewe ndiyo hii mezani, chini ya kitambaa. Isiguswe, iko katika mchakato. (Bi Warda, fundi nguo: "Kheri, fupisha! Nina suruali za watu!")

Shikamoo, mzee. (Marahaba.) Kwa wasiomjua, huyu ni Mzee Shaibu Maliki. Alizaliwa Kirongwe, akaondoka kijana kwenda Tanga, na sasa amerudi baada ya miaka hamsini na mitatu kutafuta cheti cha kuzaliwa. Amekuja ofisini kwangu siku tisa mfululizo, jambo linalothibitisha imani ya wananchi kwa huduma zetu. Kesho alfajiri anapanda boti ya Nyamisati, na huko Tanga wamemwambia kwamba bila karatasi hawajui ni mtu wa wapi. (Sauti za pole.)

Sasa nieleze kitaalamu kwa nini jina lake, lililomo katika daftari la zamani kwa wino mzuri kabisa, halipatikani. Pakeji ya kuchapa vyeti inategemea maktaba ya herufi, toleo la tatu. Pakeji ya kusoma madaftari inategemea maktaba hiyohiyo, toleo la pili. Ukiingiza la tatu, la pili linafutika, ya kusoma inagoma; ukirudisha la pili, ya kuchapa nayo inagoma. Hii, ndugu zangu, ndiyo inayoitwa dipendensi konfliki. Niliisomea Arusha siku nne, na cheti changu kimetundikwa ukutani. (Sauti: "Chako kilichapwa na nini?" Kicheko kirefu.)

Wapo wanaodai suluhisho ni jepesi. Bi Sabra wa mwani alinisimamisha sokoni, akaniambia, "Kheri baba, sisi kamba chakavu hatuikati mpaka mpya imefungwa ikashika. Yaweke matoleo yote mawili, kila pakeji itumie lake." Nilimjibu kwamba hayo ni mawazo ya ufukweni. Baadaye mtaalamu kutoka bara alisema neno hilohilo, nikamwelewa papo hapo, kwa kuwa yeye alikuwa na slaidi. (Bi Sabra: "Nami nitakuletea slaidi za mwani!")

Kwa hiyo tumeunda kamati. Kamati haikai bila hadidu za rejea. Hadidu za rejea zinataka takwimu za daftari. Daftari limefungiwa kabatini hadi mfumo usimame. Na mfumo hausimami bila kamati. Mnaona tulivyopanga, hakuna kinachoning'inia. Na ili watumishi wasirudie mazoea ya kalamu, ufunguo wa kabati naushika mimi, huu hapa shingoni.

(Mzee Shaibu anasimama: "Mwanangu, cheti mtanipa mkiweza. Lakini kwenye ukurasa ule pana dole gumba la baba yangu, maana hakujua kuandika. Hakuacha picha. Niacheni nilione dole lile kabla sijapanda boti.")

Ahem. Ndugu wananchi. Daftari bila karatasi! (Watu wanamtazama mzee.) Apugredi! (Sauti moja: "Lini?") Kazi na... kazi iendelee, basi.

Kabla sijashuka, nina shukrani. Namshukuru mwalimu wetu wa Arusha, ambaye konfliki niliyowaeleza ilitokea kwenye kompyuta yake, nami nikainakili yote kwa mkono. Nawashukuru walionisikiliza miezi kumi na minne bila kuinua kitambaa. Namshukuru Bi Warda, aliyetuazima cherehani yake ikae hapa mezani kwa niaba ya kompyuta, ambayo maombi yake bado yamo katika rasimu. (Kelele. Bi Warda anakuja kuchukua chake.) Na namshukuru karani wetu Hemedi, ambaye mwandiko wake ulikuwa ukitoa cheti kwa nusu saa, kabla sijamletea maendeleo.

Hemedi, pokea ufunguo. Pokea na kalamu yangu. Bi Warda, kitambaa tuachie, daftari lile litakuwa na vumbi. Mpangusieni mzee ukurasa wa baba yake taratibu, hasa pale penye dole.