Sahihi Mia Mbili za Afya

Inatangazwa kwa wananchi wote, wazima na wagonjwa, kwamba Chuo chetu cha Uuguzi kimepata njia ya uhakika ya kupima afya ya umma. Zamani wauguzi waliipima kwa kuwatazama watu, jambo linalochosha na lenye matokeo ya kukatisha tamaa. Sisi tunahesabu sahihi.

Utaratibu ni huu. Mwanafunzi wa somo la Ukuzaji wa Afya hutoa mhadhara mtaani akiwa na mabango ya picha. Wasikilizaji hupewa soda na keki, kisha huandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Zikifika sahihi mia mbili, mwanafunzi amefaulu. Mwaka jana tulikusanya elfu arobaini na moja katika mji wenye watu elfu kumi na tisa, maana yake kila mkazi alipata afya mara mbili, na wengine mara tatu.

Mimi ni Katibu wa Kudumu wa Kamati ya Sahihi. Nilisoma shule ya jioni miaka sita, nikiwa nimeshaoa, kwa hiyo najua thamani ya karatasi iliyojazwa vizuri.

Mwezi Novemba alikuja mbele yetu Yokasta Peralta, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyepangiwa mtaa wa Guineíto. Alikuwa na sahihi sifuri.

Alieleza kwamba watu wa huko hawatii tena sahihi popote. Mara ya mwisho walitia ili wapewe mabati baada ya kimbunga. Mabati hayakuja, na wao wakajikuta wanachama wa chama cha siasa. Badala ya sahihi alileta daftari la shule lenye presha za wanaume thelathini na wanne, wiki baada ya wiki, tangu Machi. Nililikagua. Halikuwa hata na mhuri. Namba zilikuwa zinashuka tu, ukurasa kwa ukurasa, ishara ya wazi ya kudorora kwa mradi.

Mwenyekiti wetu, Mkuu wa Chuo Daktari Leovigildo Marte, aliyeandika mtaala wote wa Ukuzaji wa Afya, alisikiliza kwa upole huku akila soseji ya salami ya kukaanga. Aliuliza mhadhara ulifanyika wapi. Yokasta akasema hakukuwa na mhadhara. Wanaume wa kule hawaendi kwenye mihadhara, wanakwenda kwenye dhumna.

"Kwa hiyo wakati wa masomo wewe ulikuwa unacheza dhumna."

"Sikucheza, Daktari. Nilikuwa nawapima waliokuwa wanacheza."

"Binti yangu, unarudia mwaka."

Kituo cha afya cha kwao Yokasta, ambacho hakikuwa na muuguzi kwa miaka minne, kilikuwa kimemwekea nafasi mpaka Januari, si zaidi. Akasema, tena bila kupaza sauti, kwamba kanuni ya tisa inaitaka Kamati ikague mtaa kabla ya kumfelisha mtu. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa ajili ya chakula cha mchana ambacho wakaguzi hupewa. Ikabidi twende.

Tulifika Jumapili saa nane. Mbele ya duka la Don Fremio palikuwa na meza nne za dhumna, muziki wa bachata ukilia, na wanaume wakibamiza vipande mezani kana kwamba wanaua mende. Daktari Marte, ambaye kwenye dhumna ni mtu wa kuogopwa, akavuta kiti. Don Fremio akaweka mguu juu ya kiti kile.

"Bado, mkubwa. Kwanza mkono."

Kwenye benchi la ukutani alikaa Doña Enerolisa, mama mkaanga samaki, akiwa na kipimo cha presha mapajani. Yokasta ndiye aliyemfundisha. Sheria ya mahali pale ilikuwa fupi: namba ya juu ikizidi mia na hamsini, huchezi. Unasimama unawatazama wenzako mpaka ukubali kumeza dawa zako na kupunguza chumvi. Wanaume walioikimbia kliniki miaka ishirini walinyooka ndani ya mwezi mmoja.

Daktari alieleza kwamba yeye ndiye aliyeandika mtaala.

"Basi unajua pa kuketi," alisema Doña Enerolisa, akamfunga mkanda.

Kipimo kikasoma mia mbili na kumi na nne. Daktari akasema mashine ni mbovu. Akafungwa mkono wa pili: mia mbili na kumi na sita. Yokasta akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Akakiri kinamgonga tangu asubuhi, na kwamba anawaona akina Don Fremio wawili, ila alidhani ni jua.

"Mmoja anatosha kukuendesha," alisema Don Fremio, akachukua funguo za pikapu yake.

Hospitalini walituambia kwamba kama tungechelewa kidogo, Kamati ingetafuta mwenyekiti mwingine. Siku ya tatu Daktari aliniita kitandani, akaniamuru nimpitishe Yokasta. Nikamkumbusha upungufu wa sahihi mia mbili. Akasema kama nazitaka sana, niziandike mwenyewe kama kawaida. Niliziandika. Nina miandiko sita.

Yokasta alianza kazi Januari. Daktari naye huenda Guineíto kila Jumapili, akiwa na ndizi zake za kuchemsha zisizo na chumvi. Presha yake imeshuka hadi mia na hamsini na nane. Wiki iliyopita aliwasilisha hoja pale kwenye meza za dhumna, kwa maandishi, kwamba kiwango kipandishwe hadi mia na sitini, na suala hilo lipelekwe kwenye kamati.

Don Fremio hakuinua macho kutoka kwenye vipande vyake.

"Kamati ni sisi tuliokaa, mkubwa," alisema. "Wewe sogea kidogo, unanizibia mwanga."