Stima Yangu Katika Shamba la Hashim

Abdulaziz Mwidani,
Karani Mstaafu wa Bandari,
Shika Adabu, Likoni.

Kwa Mheshimiwa Chifu,

KUH: KUVUJA KWA STIMA YANGU NDANI YA SHAMBA LA BWANA HASHIM

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepata nafuu tangu baraza la mwezi jana. Mimi mwili haujambo, moyo ndio hauko. Ningekuja mwenyewe ofisini, lakini jambo hili lina vipengele vingi, na nikizungumza hupandwa na hasira nikavisahau. Kwenye karatasi hasira hupanga foleni.

Wajua, Chifu, kwamba mimi ni katika wale wenye nyumba bila shamba. Kuta ni zangu, mabati ni yangu, lakini ardhi iliyo chini ya kitanda changu ni ya Hashim, kama walivyoafikiana babangu na babake. Mnazi ulio nyuma ya jiko langu ni wake pia. Nazi ikiangukia bati langu, tundu ni langu na nazi ni yake. Nimeishi hivyo tangu kuzaliwa na sijawahi kukusumbua.

Mwezi uliopita mke wangu Mwanasaumu, ambaye huuza barafu za ukwaju, alichoshwa na stima ya kukatika-katika, akaamua tutie sola. Akaja fundi, kijana wa bara aitwaye Dancun. Akapandisha paneli juu ya bati, akafunga betri na inverta ukumbini, kazi safi. Mpaka hapo sikuwa na neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alipokaribia kumaliza, Dancun alitoa fimbo ya shaba iliyonifika kifuani, akaipigilia nyundo nyuma ya jiko mpaka ikazama yote, ukabaki utosi tu. Akaifunga waya wa kijani wenye mistari ya manjano, unaotoka kwenye inverta, kwenye paneli na kwenye friji. Nilipomuuliza kazi yake, akanijibu kwamba stima ikipotea njia ikaingia kwenye bati la friji, waya huo utaichukua uipeleke ardhini, isije ikapita mwilini mwa mtu. Nikamuuliza, ardhini kwa nani? Akacheka. Chifu, lile halikuwa swali la kuchekwa.

2. Nimekaa geti la bandari miaka thelathini na moja. Hata msumari haukutoka pale bila karatasi na sahihi. Leo, nyumbani kwangu mwenyewe, pamefunguliwa geti la nyuma, na stima yangu, iliyochumwa juu ya bati langu, inatoka kwenda kwenye mali ya mtu mwengine. Haina karatasi. Haina sahihi. Hata kuaga haiagi.

3. Ushahidi ninao. Tangu fimbo ile ipigiliwe, mnazi wa Hashim, uliokuwa umenuna miaka miwili, umeanza kuchanua. Mbuzi wake aliyekuwa mbavu tupu amenenepa, na siku hizi hulala papo hapo penye fimbo, ukimfukuza arudi. Mbuzi hajui kuzuga. Hashim mwenyewe nimemuona akipita pale akitabasamu, na Hashim si mtu wa kutabasamu bure.

4. Tena jambo lenyewe halikomei kwa Hashim. Shamba lake limeshikana na la jirani yake, na la jirani limeshikana na Mtongwe, na Mtongwe, ukipita chini ya maji, imeshikana na Changamwe. Nani ajuaye, Chifu? Huenda saa hii kuna mtu Frere Town anachemsha chai kwa paneli zangu. Huenda uwanja wa ndege unawaka taa kwa jasho la Mwanasaumu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutoa shukrani.

5. Basi nilichukua hatua. Niliufungua ule waya kwa spana yangu mwenyewe. Nikatafuta ndoo, nikaijaza udongo nilioutoa Waa, kwenye shamba la marehemu mamangu, lenye hati na mrithi ni mimi. Waya nikauzika humo. Dancun alitaka ardhi, nimempa ardhi, tena yenye hati. Ndoo nikaiketisha juu ya utosi wa fimbo, na chini yake nikatandika kipande cha mkeka wa plastiki, lisije likadondoka tone la stima kwa Hashim.

6. Sitaficha kwamba siku ya kwanza palitokea hitilafu ndogo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mwanasaumu alifungua friji kwa mikono iliyorowa, miguu mitupu, akarushwa kidogo. Barafu zikatapakaa. Nilikagua, nikagundua kosa: udongo wa ndoo ulikuwa mkavu. Nikaumwagilia, nikaenda kuswali. Tangu siku hiyo naumwagilia kila asubuhi, kata mbili, na wallahi, siku kumi na tisa hakuna aliyeguswa hata ukucha. Mwanasaumu, ambaye Ijumaa ile alininyima chakula, sasa huniletea kata kwa mkono wake. Huo ndio ushindi wa hoja.

Kwa hivyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Hashim aitwe barazani arudishe stima yangu. Akisema imeshaliwa, basi mnazi uandikwe jina langu, na mbuzi apimwe. Vilevile kila nyumba bila shamba hapa Likoni ipewe ndoo, nami nitazunguka kuwafundisha watu bila malipo, inshallah.

Nisalimie mama watoto, na karani wako Phoebe, na yule askari wa mlangoni. Hashim naye ukimuona nisalimie. Salamu si stima, hazipungui.

Wako mtiifu, na mwenye udongo wake mwenyewe,
Abdulaziz Mwidani

Tanbihi: Chifu, nilikuwa nimeshaikunja barua. Nikaona nikuletee na ndoo, iwe kielelezo. Nikaiinua, ikakataa. Nikavuta kwa nguvu, na lahaula, chini ina tundu! Waya umepita katikati ya udongo wa marehemu mamangu bila hata kuuamkia shikamoo, ukatoboa mkeka, ukashuka mpaka kwenye fimbo, umekazwa kwa kibano kipya.

Nimemuuliza Mwanasaumu, wala hakuona haya. Ijumaa ile nilipokwenda msikitini, alimwita Dancun. Kwanza alipita kwa Hashim kuomba ruhusa, na Hashim akamwambia wachimbe hata wakutane na maji, yeye hataki shamba lake lije kuchimbwa kwa ajili ya kuzika jirani. Siku kumi na tisa mke wangu ananitazama nikinywesha ndoo, na kata ananipa. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Asema angeniambia ningeufungua tena. Ni kweli, ningeufungua.

Na kuna jambo nimekuficha huko juu. Mwanasaumu hakurushwa kidogo. Alianguka chini, macho wazi, nikamwita mara tatu asiitike. Miaka arubaini na moja sijapata kumwita akakosa kunijibu abee. Mara ya nne akaitika, sauti nyembamba sana. Niliogopa, Chifu. Niliogopa mpaka nikaenda kumwagilia ndoo, maana sikujua mikono yangu niifanyie nini.

Barua hii ichane. Mnazi na uchanue, mbuzi na anenepe. Nimempigia Dancun kumtaka radhi, naye safari hii hakucheka. Amesema udongo penye fimbo hutaka unyevu, na maji yangu yalikuwa yakishuka kwenye tundu yakifika papo hapo, kwa hivyo nisiache. Basi kuanzia kesho nitamwagilia shamba la Hashim kata nne kila asubuhi, bila karatasi wala sahihi.