Kiwango cha Juu Kabisa

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu. Tangazo limebandikwa ubaoni: nafasi iko wazi, maombi yafike Utumishi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kwa karatasi au kwa barua pepe, hiari ya mtu.

Kitengoni tunabaki wawili, mimi na Kobe. Jina hilo nilimpa mimi, likashika jengo zima, na sasa mwenyewe analiitikia. Anafanya kazi kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, lisilo na picha wala vitufe. Anaandika amri herufi moja moja, kisha anaisoma tena kabla ya kubonyeza. Chai yake inapoa akiwa bado anasoma. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mkuu wa chochote.

Nyumbani nimemwambia mke wangu nafasi ni yangu. Akauliza kama nimeshapewa. Nikasema bado, ila ni suala la muda tu. Akampigia baba yake palepale. Baba mkwe amefurahi mno. Anakuja Jumamosi kunipongeza. Hilo sikulitegemea.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo! Seva yetu ya barua pepe huweka kumbukumbu za yale inayoyafanya, kwa faida yetu mafundi. Ukiiwekea kiwango cha chini, inaandika makosa tu. Ukiipandisha, inaandika kila barua iliyoingia, iliyotoka na iliyosita mlangoni. Kubadili kiwango kunataka amri ndefu, na kila huduma ina amri yake. Kobe anazijua zote kwa kichwa na hachoki kutukumbusha.

Mimi natengeneza kidirisha chenye vitufe. Unachagua huduma, unachagua kiwango, unabonyeza. Kwisha kazi! Hata Mkurugenzi ataweza. Kobe atabaki na chai yake baridi.

Programu yake imekubali jioni. Vitufe ni vitatu: Chini, Wastani, Juu Kabisa. Sehemu kubwa ya siku imeishia kwenye kuchagua rangi ya bluu.

Jumatano, 5 Machi

Kobe alipita nyuma yangu, akasimama, akatazama. Akasema kidirisha si kibaya, ila kabla ya kubadili chochote kihifadhi kwanza nakala ya mipangilio ya zamani. Kikishindwa kuihifadhi, kikatae kuendelea. Nikamwambia hilo nilishaliwaza zamani. Akasonya, akaenda zake. Alipopotea tu nikaliandika. Wazo zuri halina mwenyewe.

Lakini kuna tatizo. Chombo kinafanya kazi na hakuna anayekihitaji. Seva ni nzima. Nani atamsifu mwenye mwavuli jua likiwaka? Basi mvua inyeshe.

Mpango: kesho jioni napandisha huduma zote Juu Kabisa. Seva itaandika mpaka asubuhi bila kupumzika. Ijumaa itaanza kukohoa, barua zitachelewa, watu watanung'unika. Nitamwita Mkurugenzi, nibonyeze Chini mbele ya macho yake, seva ipone. Mke wangu ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimesema ni mambo ya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Kobe amepeleka ombi lake kwa miguu. Amelichapa, akatoa nakala, akapanga foleni Utumishi nyuma ya watu wa likizo mpaka akagongewa muhuri kwenye nakala yake. Nikamuuliza kwa nini hakutuma kwa barua pepe kama watu wa siku hizi. Akasema anapenda muhuri. Muhuri! Mtu anayelala na kuamka na seva ya barua pepe! Nimelisimulia kila ofisi, watu wamecheka vizuri.

Langu nitalituma kesho baada ya onyesho, ili niongeze aya ya kuokoa seva. Aya yenyewe nimeshaiandika.

Jioni nimepandisha. Vitufe vinabonyea vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango umefanikiwa kupita kiasi. Seva haikukohoa, imezimia. Kumbukumbu zimejaza diski mpaka ukingoni. Hakuna barua inayoingia wala kutoka. Simu zote za kitengo zinalia kwa pamoja. Nikajiambia si neno, ugonjwa mkubwa humpa sifa tabibu.

Mwaliko wa Mkurugenzi nilikuwa nimeutuma kwa barua pepe. Bila shaka haukufika. Nikapanda ngazi kumfuata. Akaja, na nyuma yake Mama wa Utumishi, na wahasibu wakiwa wameshakasirika. Kobe naye akaja na kikombe. Nikaeleza kwa ufasaha. Nikabonyeza Chini.

Kidirisha kikajibu kwamba hakiwezi kuhifadhi nakala kwa kuwa diski imejaa, hivyo kinakataa kuendelea. Nikabonyeza tena. Kikakataa tena. Kina msimamo kuliko mimi niliyekitengeneza. Mkurugenzi akauliza hicho ni kitu gani. Nikasema ni usalama. Akauliza nani alipandisha viwango. Nikasema seva wakati mwingine hujiamulia. Kobe akatazama ndani ya kikombe chake.

Maji yakazidi unga. Kobe akakaa mbele ya dirisha lake jeusi, akaanza kufuta kumbukumbu moja moja, kila amri akiisoma tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Saa sita inakaribia. Nikahamia meza ya pembeni, nikafuta neno "nitaokoa", nikaandika "nimeokoa", nikatuma ombi. Likatoweka kwenye skrini. Nikashusha pumzi.

Ndiyo. Mimi, fundi wa seva ya barua, nilituma barua kwenye seva niliyoiua mwenyewe. Utumishi ni mlango wa tatu kutoka kwangu.

Seva ilifufuka baada ya chakula cha mchana na barua zikamiminika, yangu ikiwemo. Mama wa Utumishi alinipigia kwa upole. Alisema nimejieleza vizuri, hasa pale pa kuokoa seva, ila muda ulishapita. Ombi lililowahi ni moja, na lina muhuri.

Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Baba mkwe amekuja amevaa shati jipya. Mke wangu amenitazama nijieleze mwenyewe. Nikasema uteuzi umeahirishwa. Mzee akasema mvumilivu hula mbivu, akaniombea dua ndefu. Nilishindwa kumtazama usoni. Jikoni mke wangu akaniambia njia ya mwongo ni fupi, kisha akanipa vyombo nioshe.

Jumatatu, 10 Machi

Kobe ndiye mkuu. Ameniita, akafunga mlango, akanikaribisha kiti. Akasema anajua nani alipandisha viwango na hatalifikisha juu. Akasema kidirisha ni kizuri, tutakitumia kitengoni. Ana ombi moja tu: nisiguse Juu Kabisa bila kumwambia, maana diski ni ndogo. Hata hakuinua sauti.

Nikamshukuru. Nilijisikia vibaya kweli, karibu mpaka saa ya chai.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika rufaa! Hoja yangu ni nzito: ombi lilitumwa kabla ya saa sita, kosa ni la seva. Mwisho wa kupokea rufaa ni Jumatatu saa sita mchana.

Mke wangu ameshauri niichapishe niipeleke kwa mkono. Amerudia asubuhi, akarudia jioni. Hajui mambo ya ofisi. Karatasi hupotea.

Nitaituma kwa barua pepe, na safari hii hakuna atakayeniambia imechelewa. Nataka ushahidi wa kila hatua, kutoka mezani kwangu mpaka kwa Mama wa Utumishi. Kwa hiyo kabla ya kutoka ofisini nimepandisha huduma zote Juu Kabisa. Kobe alishaondoka, sikuona haja ya kumsumbua mwisho wa wiki.

Rufaa yenyewe nitaituma Jumatatu asubuhi, akili ikiwa imetulia.