Fundi Kilian na Mazabodi ya Bibi Shamba

Kilian, fundi kompyuta kwa kujitangaza mwenyewe, alipoingia katika chumba cha michezo cha Bi Tadea pale Mbinga mjini, hakuwa na nia mbaya. Alitafuta kivuli tu. Nia mbaya ilimjia dakika nne baadaye, alipoiona kompyuta kubwa iliyokuwa kando ya dirisha, akasoma kwenye skrini jina la prosesa iliyokuwamo ndani yake, na kutambua kwamba kitu cha thamani namna ile hakikustahili kuendelea kuishi na mwenyewe.

Juu ya skrini hiyo wachezaji wa kandanda walikuwa wakikimbia hatua mbili, wakiganda, kisha wakikimbia tena. Vijana wawili waliokuwa wakicheza waliguna, wakaondoka.

"Shikamoo, Mama," alisema Kilian.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kucheza au kuchungulia?"

"Mimi ni fundi, Mama. Mashine hii ina umri gani?"

"Aliniletea binti yangu Jacqueline mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" Kilian alivua kofia, kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Basi hali yake ndiyo hiyo. Prosesa ndiyo ubongo, Mama, na mazabodi ndiyo mifupa inayoushika. Ubongo huu umechoka. Na ubongo mpya haukai katika mifupa ya zamani. Vitabadilishwa vyote viwili."

Haki itendeke: kwamba prosesa mpya mara nyingi hudai mazabodi mpya, hilo ni kweli tupu. Lakini prosesa ya Bi Tadea ilikuwa imechoka kiasi cha ndama mwenye miezi mitatu. Kilian alikuwa ameshampata mnunuzi wake kichwani: Steven wa Mbamba Bay, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitafuta prosesa na mazabodi za daraja hilo hilo.

Bi Tadea alikunja kitenge chake. Kwa miaka thelathini alikuwa bibi shamba wa serikali, akipanda na kushuka milima ya Umatengo kuwafundisha wakulima kahawa. Chumba hiki ndicho kilichokuwa kikimlisha katika ustaafu wake.

"Jumamosi vijana wa Lipingo na Ngumbo wanapanda kutoka ziwani kuja kushindana na wa hapa," alisema. "Mashine hii ikiganda mbele yao, watanihama wote. Hiyo kazi ni bei gani?"

"Bure."

"Bure?"

"Kampuni yetu inajitangaza, Mama. Wewe utanipa chakula cha mchana tu."

Uso wa Bi Tadea ukachanua. Kilian akauona uchu huo, akafurahi, kwa maana mtu anayependa vya bure ndiye ndugu wa kwanza wa tapeli.

Alhamisi akarudi, amevaa koti jeupe mithili ya tabibu. Ndani ya begi lake, katika mfuko wa rangi ya fedha, mlikuwa na mazabodi pamoja na prosesa yake, zilizong'olewa katika kompyuta ya ofisini iliyoanza kazi kabla wateja wengi wa Bi Tadea hawajazaliwa. Alizinunua Songea kwa fedha zake mwenyewe, akazisugua zikang'aa, akazibandika lebo mpya ya dhahabu. Basi la Mbamba Bay lingepita saa nane.

Alilifungua kasha. Vumbi la makapi ya kahawa kutoka kinu cha jirani lilikuwa limeziba feni yote, na ile dawa nyeupe ya kupitishia joto ilikuwa imekauka juu ya prosesa kama ugali wa juzi. Kilian akaona mara moja kwamba maradhi yalikuwa hayo tu. Akanyamaza, kwa heshima ya taaluma. Akaing'oa mazabodi, prosesa ikiwa juu yake, akaanza kuiviringisha katika gazeti.

"Hiyo unaipeleka wapi?" aliuliza Bi Tadea.

"Kuteketezwa Mbamba Bay, Mama, kwa basi la saa nane. Ikishachoka hivi, hutoa sumu. Sumu kali kabisa. Hata kuigusa usiiguse."

Hapo ndipo Kilian alipojikwaa. Neno hilo angeliweza kumwambia mwalimu, karani au padri, na likapita salama. Yeye alimwambia bibi shamba.

"Sumu?" Bi Tadea alisimama wima. "Katika basi lenye abiria? Kwetu kopo la sumu ya wadudu wa kahawa halitoki shambani, mwanangu. Hutobolewa kwa msumari asije mtu akachotea maji, kisha huzikwa hapo hapo lilipotumika. Ngoja nilete nyundo."

"Mama, hakuna haja, mimi nina kibali…"

"Na jembe!" alisikika akisema, akiwa tayari yuko uani.

Kilian alibaki peke yake na mazabodi mbili, ya Bi Tadea gazetini na yake begini. Aliwaza upesi. Kitakachokuwa ndani ya gazeti kitatobolewa. Kitakachokuwa ndani ya kasha kitapona, na kilichopona huweza kuibwa wiki ijayo. Akafungua gazeti, akatia humo mazabodi yake chakavu ya Songea. Lakini ile ya Bi Tadea ilibidi ionekane mpya. Basi akapiga brashi, akapuliza, akaisafisha feni ubawa kwa ubawa, akaikwangua dawa iliyokauka, akapaka nyingine safi, akairudisha katika kasha, akafunga kila skrubu. Hakuwa amewahi kufanya kazi ya uaminifu namna ile tangu azaliwe. Bi Tadea naye alichukua muda mrefu mno kuitafuta nyundo.

Aliporudi, alimkabidhi Kilian nyundo, msumari na jembe. "Wewe ndiye mtaalamu. Toboa."

Kilian akapigilia msumari katika fedha zake mwenyewe mara tatu, akachimba shimo nyuma ya migomba, akazika.

Kompyuta ilipowashwa, wachezaji walikimbia kama waliofukuzwa na nyuki. Kilian alipanga uso wake vizuri.

"Nitapita wiki ijayo, Mama, kuikagua."

"Usisumbuke." Bi Tadea alimwekea sahani ya ugali na samaki mbasa. "Jacqueline aliniambia kwa simu tangu mwezi uliopita: ni vumbi, na dawa imekauka. Nikatafuta mafundi, kila mmoja akanitajia bei ya kunitoa machozi. Kisha ukaja wewe na bure yako. Nikajiuliza, huyu atakula nini? Jana usiku nikaitia mazabodi alama kwa rangi ya kucha. Nimeichungulia katika matundu ya kasha ulipokuwa ukichimba. Imo, na jina la prosesa kwenye skrini ni lile lile."

Kilian akalirudisha tonge sahanini.

"Kula, mwanangu, umefanya kazi safi sana."

Honi ya basi la Mbamba Bay ikalia barabarani, ikapita. Na mlangoni, kasha la kompyuta likiwa begani na vumbi likimwagika kila hatua, akaingia mwanamume mnene anayetabasamu.

"Huyu ni Othmar, mwenye kinu," alisema Bi Tadea. "Nimemwambia unatengeneza kwa chakula tu. Kwake leo wamepika maharage."