Chama cha Kumthamini Bwana Krampu, Tawi la Makambako

Mbele ya boma la Njombe tarumbeta ilipigwa, kisha ikatangazwa kwamba tangu siku ile wilaya nzima inampenda Bwana Obadia Krampu, mtunzi mashuhuri wa riwaya, Mwingereza, marehemu. Wasiompenda walipewa mpaka mwisho wa mwezi.

Karani Enoki aliisoma amri hiyo kwa fahari, maana yeye ndiye aliyeteuliwa Katibu wa Chama. Riwaya ya Krampu hakuwahi kuisoma. Ilikuwapo nakala moja tu, ndani ya kabati la vioo la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, kwa heshima ya fasihi.

Basi Enoki akaenda Makambako kufungua tawi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: anayetaka kibali cha kuuza ulanzi, pombe ya mianzi, sokoni athibitishe kwanza mapenzi yake kwa mtunzi.

Wa kwanza alikuwa Konsolata, mwenye kilabu pale Lyamkena.

"Mama, unamthamini Bwana Krampu?"

"Sana, baba."

"Kwa lipi?"

Konsolata akafikiri. "Hajawahi kunywa kwangu akaondoka bila kulipa."

Enoki akaandika: *Anathamini uadilifu wa mtunzi.*

Akafuata mzee Methusela, mgema. "Mimi nampenda kwa kuwa ameshakufa. Angekuwa hai, tungetumwa kumbebea mizigo."

*Anathamini utulivu wake,* akaandika Enoki.

Wa tatu, Fidelia, alikataa. "Siwezi kumpenda mtu ambaye hadithi yake sijaisikia. Nisomee kidogo, ndipo nikujibu."

"Kusoma hakumo katika masharti ya Chama," alisema Enoki, akamnyima kibali. Ulanzi wa Fidelia ukachacha mitungini mpaka ukamwagwa. Enoki alipita pale akaisikia harufu, akazunguka njia nyingine. Na yeye, kusema kweli, alitamani kujua hadithi yenyewe inahusu nini.

Siku ya uzinduzi alikuja Bwana Mkubwa wa Jimbo. Bwana Shauri alikileta kitabu juu ya mto wa mahameli, akahutubia kwa kirefu jinsi kitabu hicho cha Krampu kilivyomlea tangu utotoni. Alipomaliza, Fidelia akasimama, akaomba asomewe kidogo tu.

Enoki alitaka ardhi immeze.

"Ombi la haki," alisema Bwana Mkubwa. "Soma hapo katikati, pale unapopapenda zaidi."

Bwana Shauri akajaribu kufungua. Hapakufunguka. Kurasa zilikuwa zimeshikana ukingoni, vilevile zilivyotoka kiwandani, hazijakatwa kwa kisu kama afanyavyo msomaji wa kwanza.

"Ni unyevu wa Njombe," alisema Bwana Shauri.

Mzee Methusela akampa kisu chake cha kugemea.

Bwana Mkubwa akatoa agizo. Vibali vya ulanzi vitolewe bila mapenzi yoyote. Na kila siku ya soko, Bwana Shauri mwenyewe awasomee watu wa Makambako, neno kwa neno, mpaka kitabu kiishe; Enoki atafsiri.

Watu wakajaa. Vilabu havikuwahi kuuza vile. Sura tatu za kwanza Krampu alieleza mvua ya kwao. Ya nne ilipoanza na ukungu, Bwana Shauri akainua macho mekundu, akauliza kama watu hawajachoka.

Enoki akatafsiri.

"Mwambie aendelee," alisema Fidelia, akimjazia mzee Methusela kikombe. "Ndiyo kwanza tunaanza kumthamini."